Profesa Alipochora Saa

Jina la Mchanga alilipata ukubwani, akiwa daktari kamili, na aliyempa ni kaka yake, fundi mwashi. Siku hiyo Mchanga alikuwa amekaa barazani, kompyuta mapajani, anasoma tangazo kwa sauti. Shirika moja la ng'ambo lilikuwa linatoa ufadhili wa miaka mitatu kwa watafiti wachanga wa ugonjwa wa kusahau, ule ambao madaktari wanauita dimensia. Kaka mtu ndiyo kwanza alikuwa ametoka kazini, suruali imejaa saruji. Akaacha kunawa miguu.

“Watafiti wachanga ndio akina nani?”

“Ndio sisi. Ambao hatujamaliza miaka mitano tangu tupate shahada ya uzamivu.”

“Wewe? Umeshaanza kuota mvi, halafu bado mchanga?” Alicheka mpaka akashika ukuta. “Labda mchanga wa kujengea. Waandikie, waambie kama wanataka mchanga, kaka yako anao lori zima pale saiti.”

Tangu siku hiyo nyumba nzima ikawa inamwita Mchanga. Jina likamfuata mpaka hospitali, maana kaka huyo alikuwa na sauti ya kushinda kelele za mashine za zege, na akipiga simu walikuwa wanamsikia hata waliokaa chumba cha pili.

Mwenyewe hakuchukia. Ila alijua kitu ambacho kaka yake hakukijua: uchanga wake ulikuwa unakaribia kwisha. Miaka mitano ile ilikuwa inakatika mwisho wa mwaka uleule. Ufadhili wa aina hiyo alishauomba kwingine, akajibiwa kwa maneno matamu kwamba ombi lake ni zuri sana, ila walioomba ni wengi. Kati ya ombi na ombi kulikuwa na wodi, zamu, wagonjwa wa mlipuko wa maradhi ulioikumba hospitali ukawavuta madaktari wote huko, watafiti na wasio watafiti. Miaka ikamponyoka hivihivi. Sasa lilikuwa limebaki tangazo hili moja.

Kwa nini aliutaka ugonjwa huo na si mwingine wenye dawa? Mama yake mzazi aliwahi kumuuliza hivyohivyo. Jibu lilikuwa ni mke wa seremala. Alipokuwa daktari mpya kabisa, mwanamke huyo alikuwa akimleta mumewe kliniki, seremala mstaafu, mtu mwenye mikono kama makoleo, aliyetengeneza milango ya nusu ya mtaa wao, na sasa akifika mlangoni anasimama, hajui kitasa ni cha nini. “Atapona lini, daktari?” mke akauliza. Mchanga akatazama vipimo, akatazama kitabu, mwisho akamwandikia vidonge vya vitamini kwa aibu. Mwezi uliofuata swali lilikuwa lilelile. Na mwezi wa tatu. Alipoona hana uso wa kumtazama tena yule mama, akaenda kumtafuta Profesa.

Profesa alikuwa bingwa pekee wa ugonjwa huo katika hospitali ile kubwa, na ukitembea siku nzima kwa gari bado usingempata mwingine. Ofisi yake ilikuwa mwisho wa korido, mgongoni kwa chumba cha dobi, na muda wote ilinukia sabuni na mvuke wa mashuka. Wauguzi walimwita Profesa Saa, kwa sababu kila mgonjwa aliyeingia alipewa karatasi tupu na penseli achore saa ya ukutani. Mchanga aliingia akaeleza kwamba anataka kujifunza, akauliza kama kuna nafasi.

“Kaa,” Profesa akamwambia, akiondoa mafaili juu ya kiti. “Kwenye somo hili hakuna foleni.”

Akamlea. Hilo ndilo neno lake hasa. Alimfundisha kuongea na mgonjwa kwanza kabla ya kuongea na aliyemleta. Alimfundisha kunyamaza. Na alimpa swali ambalo lilikuja kuwa shahada yake yote ya uzamivu. Kipimo cha kuchora saa kilitoka kwa watu wanaosema saa kumi na moja na mshale ukaenda kwenye kumi na moja. Sisi tunasema saa tano, na mshale unakwenda kwenye kumi na moja vilevile. Je, mzee wetu akiambiwa achore saa tano akaupeleka mshale kwenye tano, ni mgonjwa, au ni lugha tu? Walizunguka na swali hilo miaka, nyumba hadi nyumba, wanachoresha wazee saa, mpaka wakapata namna ya kutofautisha. Kaka yake alipoelezwa alishika kiuno. “Yaani miaka yote hiyo unasomea saa? Si ungenunua tu?”

Ufadhili ulikuwa na mambo mawili mazito. La kwanza lilikuwa mafunzo: mwaka mzima kwenye kituo kikubwa cha ng'ambo, kujifunza kusoma picha za ubongo, halafu kurudi na kufungua kliniki ya kumbukumbu nyumbani. La pili lilikuwa mlezi. Kila mwombaji lazima awe na mlezi wa kitaaluma, bingwa wa ugonjwa huohuo, katika taasisi hiyohiyo, na siku ya usaili mlezi aketi mbele ya jopo pamoja naye amsemee. Profesa alipoambiwa alipiga meza kwa furaha. “Hiyo nitakusemea hata nikiwa usingizini, binti yangu.” Wakatuma ombi. Baada ya muda jibu likaja: wameitwa kwenye usaili.

Kumbe vidokezo vilikuwepo tangu zamani. Profesa aliulizia faili ambalo lilikuwa mkononi mwake. Alimwita Mchanga kwa jina la mwanafunzi wake mwingine, kijana aliyesomea kiharusi na kuhamia ng'ambo siku nyingi. Alimsimulia kisa cha mgonjwa fulani, wakacheka, na kabla chai haijapoa akamsimulia tena. Mchanga alijiambia ni uchovu. Ni umri tu. Ni miwani, inabidi abadilishe. Alijiambia yale yote ambayo jamaa wa wagonjwa walikuwa wakimwambia kila siku, naye akiwasikiliza huku akitikisa kichwa kwa huruma.

Ikaja siku ya semina. Wauguzi kutoka kliniki za mbali walikuwa wameitwa kujifunza kipimo, wakajaa kwenye ukumbi mdogo wenye feni moja iliyogoma. Mchanga alikuwa anatafuta mtu wa kujifanya mgonjwa ili waone kinavyofanyika. Profesa akainuka mwenyewe.

“Leo mgonjwa ni mimi,” akasema. Ukumbi ukashangilia. Akaketi kwenye kiti cha mbele, akakunja mgongo kidogo kama mzee aliyechoka, wauguzi wakaanza kucheka.

“Shikamoo, mzee,” Mchanga akaanza.

“Marahaba, daktari.”

“Nitakutajia maneno matano, uyashike. Kijiko, dirisha, mbuzi, shati, daraja.”

Profesa akayarudia vizuri. Akapewa karatasi na penseli, akaambiwa achore saa, aweke namba zote, mishale ioneshe saa tano na dakika kumi. Duara alilichora safi. Moja, mbili, tatu, zikashuka upande wa kulia sawasawa. Alipofika chini mkono ukapunguza mwendo. Namba zilizobaki akazibananisha pale chini, moja juu ya nyingine, kama abiria waliokimbilia mlango mmoja. Upande wote wa kushoto ukabaki mtupu. Akainua penseli.

“Saa tano,” akasema. “Saa tano mshale unakaa wapi vile?”

Ukumbi ukaangua kicheko. Muuguzi mmoja wa mstari wa nyuma akapaza sauti, “Profesa, ulikosea kazi! Ungekuwa mwigizaji!” Profesa naye akacheka. Lakini Mchanga alikuwa karibu, na aliona alivyocheka: kwanza alizitazama nyuso za watu, akaona zinacheka, ndipo na yeye akacheka.

Mchanga alitaka kuacha hapohapo, lakini watu walikuwa wanangoja. “Mzee, yale maneno niliyokutajia mwanzo, unayakumbuka?”

“Maneno gani?”

Walicheka mpaka wengine wakafuta machozi. Chini ya meza, kidole gumba cha Profesa kilikuwa kinasugua suruali, kinakwenda na kurudi. Mchanga akasema wataishia hapo, akawashukuru, na watu wakampigia Profesa makofi. Wakati wa chai Profesa alimfuata dirishani, kikombe mkononi.

“Nimeigiza vizuri?” akauliza. Mdomo ulikuwa unatabasamu. Macho hayakuwa kwenye utani.

“Vizuri sana, Profesa,” Mchanga akajibu.

Kesho yake alikwenda nyumbani kwa Profesa saa ambayo alijua mwenyewe yuko kliniki. Mke wake, mwalimu mkuu mstaafu, mama mrefu mwenye sauti ya kutuliza darasa, alikuwa sebuleni anapiga pasi mashati. Yote yalikuwa ya bluu, ya aina moja.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu ukae.” Akaendelea na kola ya shati. “Umeona.”

Hakuwa anauliza. Mchanga akakaa. “Tangu lini, mama?”

“Tangu alipopotea akitoka benki, akarudi jioni akaniambia barabara imefungwa. Nikatoka kwenda dukani, nikaona haijafungwa.” Akalionesha rundo la mashati. “Haya nimeyanunua ya rangi moja ili asihangaike kuchagua. Funguo za gari nimezificha, namwambia fundi bado anatengeneza.”

“Mbona hukuniambia?”

Mama akaisimamisha pasi. “Ningemwambia nani? Bingwa wa ugonjwa huu si ndiye yeye? Nimpeleke kwa nani, mwanangu, nimpeleke ofisini kwake?”

Pasi ilikuwa inatoa mvuke. Kisha mama akauliza usaili ni lini, akaambiwa wiki inayofuata.

“Basi ngoja upite. Nakuomba. Kila asubuhi anaulizia siku hiyo. Ameshachagua tai. Ndicho kitu pekee anachokikumbuka bila kukumbushwa.”

“Mama, nikikaa kimya nawadanganya wale watu.”

“Na ukisema unamvua nguo mbele ya dunia nzima. Na wewe mwenyewe unakosa. Sasa wewe ndiye msomi, niambie ipi ni nzuri hapo.”

Hapakuwa na nzuri. Kitu kimoja tu Mchanga alikishika, kwa sababu hicho hakikuwa na mjadala: wagonjwa. Tangu siku ile alihamishia kiti chake chumbani kwa Profesa na kukaa naye kwa kila mgonjwa, kila dawa ikapita machoni pake kabla haijatoka. Alisema anajiandaa kwa usaili, anataka kumtazama mlezi wake anavyofanya kazi. Profesa alifurahi. Wakati mwingine alikuwa yuleyule wa zamani, anamshika mzee mkono na kumuuliza jambo moja dogo linalofungua kila kitu, na Mchanga alijikuta anafikiri labda amekosea. Halafu Profesa alikuwa anageuka na kuuliza mgonjwa yuko wapi, na mgonjwa ameketi mbele yake.

Siku ya usaili walikaa maktaba ya hospitali, kwa sababu huko mtandao ulikuwa na afadhali. Profesa alikuja na tai nyekundu, ndevu zimenyolewa vizuri. Kwenye skrini walitokea watu watatu wa jopo, mwenyekiti wao mwanamke mwenye mvi fupi na uso mpole. Mchanga alieleza mradi wake, akaulizwa, akajibu. Ilikwenda vizuri kuliko alivyoota. Kisha wakamgeukia mlezi.

Profesa aliongea vizuri ajabu. Alieleza jinsi familia zinavyobeba ugonjwa huu bila jina, jinsi daktari anayeujua anavyokuwa mmoja kwa mamilioni ya watu, na kwamba kumsomesha mmoja si kumsomesha mmoja tu. Akachomeka mzaha, jopo likacheka. Mchanga alikuwa ameshika pindo la gauni lake chini ya meza, anamwomba Mungu swali liwe hilohilo tu.

“Asante sana, Profesa,” mwenyekiti akasema. “Na wewe kama mlezi, utamsimamia vipi akirudi kutoka mafunzoni?”

Profesa akakohoa kidogo, akaanza. Familia zinavyobeba ugonjwa huu bila jina. Daktari mmoja kwa mamilioni. Maneno yaleyale, mpangilio uleule, na alipofika kwenye mzaha akautoa tena, akanyamaza kungoja kicheko. Mmoja wa jopo alicheka kidogo kwa adabu. Profesa akapata moto. “Kijana wangu huyu nimemlea mwenyewe. Kazi aliyoifanya juu ya kiharusi, hata huko kwenu hamjaiona.”

Feni ya maktaba ilikuwa inasikika.

“Profesa,” mwenyekiti akasema taratibu sana, “tunazungumza na daktari aliyefanya utafiti wa kipimo cha saa.”

Profesa akageuka, akamtazama Mchanga usoni kwa muda. “Ndiyo. Ndiyo, huyu,” akasema, akamwekea mkono begani. “Huyu ni bora kuliko wote. Mpeni.”

Wale watatu kwenye skrini wote walikuwa madaktari wa ugonjwa uleule. Hakuna aliyehitaji kumweleza mwenzake. Mmoja alivua miwani, mwingine akainamia karatasi zake. Mwenyekiti akamshukuru Profesa kwa heshima zote, akaomba abaki na mwombaji peke yake. Profesa akatoka akisema wamekwenda vizuri, anakwenda kuagiza chai.

“Ulikuwa unajua?” mwenyekiti akauliza.

“Ninajua.”

“Ana daktari wa kumwona?”

“Huku daktari wa kumwona ni yeye,” Mchanga akasema. “Na akiondoka yeye ni mimi.”

Yule mwanamke alifumba macho kidogo. “Pole. Pole sana, daktari.”

Majibu yalikuja siku chache baadaye. Mradi wake ulikuwa miongoni mwa ile bora kabisa, waliandika, lakini kanuni haziruhusu ufadhili bila mlezi anayeweza kulea. Wangemshikia nafasi mpaka mwisho wa mwaka, mradi apate mlezi mwingine mwenye sifa zilezile, katika taasisi ileile.

Siku hiyohiyo, mchana, Profesa alimwita ofisini. Mashine za dobi zilikuwa zinanguruma nyuma ya ukuta. Juu ya meza kulikuwa na karatasi tupu na penseli.

“Nipime,” akasema. “Sawasawa. Siku ile sikuwa naigiza.”

“Najua, Profesa.”

“Ulijua ukanyamaza.”

“Nilinyamaza.”

“Hata mimi ningenyamaza,” akasema, na kwa dakika hiyo alikuwa yeye mwenyewe, akili yote iko mezani. “Haya. Anza.”

Mchanga akampima. Alifuata kila hatua aliyofundishwa na mtu huyohuyo aliyeketi mbele yake. Hakumsaidia alipokwama, kwa sababu alifundishwa asisaidie, na kukaa mikono mapajani wakati mzee huyo anatafuta jina la mwezi kulimchosha kuliko zamu yoyote aliyowahi kushika. Alipomaliza akamweleza alichokiona, bila kuzunguka. Profesa akatikisa kichwa polepole.

“Dawa?”

“Unajua, Profesa.”

“Najua. Niambie hata hivyo. Nataka kusikia inavyosikika.”

“Ya kuuponya haipo. Zipo za kupunguza makali, kwa muda kidogo.”

Profesa akageukia dirishani. Alikuwa amewaambia watu maneno hayo maisha yake yote ya kazi.

“Kumbe ndivyo inavyosikika,” akasema.

Hospitali ikamstaafisha kwa heshima. Kulikuwa na keki na hotuba, na wauguzi, kwa mapenzi yao yote, wakachanga wakamnunulia saa kubwa ya ukutani, maana ndilo jina lake. Mchanga alipoona inafunguliwa kwenye karatasi ya zawadi alitoka nje akasimama kwenye ngazi mpaka makofi yakaisha.

Halafu akaanza kumtafuta mlezi. Alimwandikia bingwa wa mishipa ya fahamu wa hospitali ya kulipia, aliyekuwa pia akifundisha pale kwao, akajibiwa kwamba ana wagonjwa wengi na hilo la kusahau si eneo lake. Alimfuata mkuu wa kitivo, ambaye alimsikiliza vizuri, akasema angekubali hata yeye kuandikwa jina, ila alisomea macho. Yule kijana wa kiharusi aliyehamia ng'ambo alikubali kwa moyo wote, shirika likakataa kwa sababu hayupo taasisini. Nyumbani kaka yake alikuwa anafuatilia habari hizo kama mechi.

“Huyo mlezi hawezi kuazimwa?” akauliza. “Sisi fundi mkuu akiugua tunaazima wa saiti nyingine, kazi inaendelea.”

“Sio toroli, kaka.”

“Najua sio toroli.” Akakuna kichwa. “Sasa wewe mwenyewe si ndiye unayejua kuliko waliobaki? Kwa nini usijilee?”

“Kwa sababu mimi ni mchanga.”

Safari hii kaka hakucheka. Alimsogezea kiti, akakaa naye.

Mwaka ukaisha. Shirika lilimwandikia kwa upole kwamba nafasi imekwenda kwa mwombaji aliyefuata, na kwamba kwa masharti ya sasa hataweza kuomba tena kwenye kundi la watafiti wachanga. Lilikuwepo kundi la watafiti wabobezi, waliambatisha maelezo yake. Alipoyasoma aliona kwamba wabobezi ni wale ambao tayari wamewahi kupata ufadhili. Alifunga kompyuta. Hakulia. Kulikuwa na watu kwenye benchi nje, wameleta wazee wao, naye sasa ndiye aliyekuwa na ofisi ya mgongoni kwa dobi.

Kila Jumamosi alikwenda kwa Profesa. Mwanzoni Profesa alikuwa akimpokea mlangoni na swali moja: “Wamejibu?” Mchanga akamwambia kweli, kwamba wamekosa. Mzee aliumia kama aliyepigwa, akakaa chini, akasema ni kosa lake, akalia. Jumamosi iliyofuata akauliza tena, akaambiwa tena, akalia upya, machozi mapya kabisa. Mama akamvuta Mchanga jikoni. “Mwanangu, unamfisha kila wiki.” Kuanzia hapo akiulizwa alijibu, “Bado, Profesa, tunasubiri,” naye Profesa anamtia moyo, anamwambia asikate tamaa, watu wale huwa wanachelewa.

Ikapita miezi, akaacha kuuliza.

Jumamosi moja Mchanga alimkuta mama amesimama mlangoni pa bafu, mikono ya gauni imekunjwa, uso umechoka. Profesa alikuwa korido, amevaa shati lake la bluu, ameshika fremu ya mlango kwa nguvu. Alikuwa hajaoga kwa siku kadhaa na hataki.

“Afadhali umekuja,” mama akasema. “Mwambie wewe. Wewe ndiye mtaalamu.”

Mchanga akaweka mkoba chini. Alijua la kufanya. Aliwafundisha wauguzi wengi. Akamsogelea kwa upande, si mbele. Akaongea kwa upole. Akamwonesha taulo, akampa ashike. Akamsifia shati. Akamwambia maji ni ya vuguvugu, akayagusa mwenyewe aone. Akamwimbia kidogo hata, maana yeye na Profesa waliwahi kuandika mahali kwamba kuimba kunasaidia.

“Nyie watu,” Profesa akasema, “mnataka kunifanya nini?”

“Hakuna anayekufanya kitu, Profesa. Ni kuoga tu.”

“Mimi nataka kwenda nyumbani.”

“Hapa ni nyumbani, baba,” mama akasema.

Alimtazama mkewe, akamtazama Mchanga, akakaza mikono zaidi kwenye fremu. Mchanga akajaribu kumgusa bega, akasukumwa. Akarudi nyuma hatua moja. Akatafuta kichwani kilichobaki, katika yote aliyosoma na kuandika, akakuta hakuna.

Wakakaa sakafuni, yeye na mama, migongo ukutani, kungoja mzee achoke kusimama. Baada ya muda mama akanyoosha mkono akaingiza vidole kwenye ndoo ya maji.

“Yamepoa,” akasema, akainuka kwenda kuyachemsha tena.